Mti Wenye Mzizi Juu

Mti niliopewa unaning'inia kama popo:
mzizi juu, kona ya kushoto ya dirisha,
matawi yanashuka ngazi kwa ngazi,
kila ngazi imejongea ndani nukta kumi na sita.
Isevya, saa nne usiku. Feni inalia kama inadai mshahara.

Chama cha warina asali kimenipa madaftari matatu,
moja limenata kurasa.
Wilaya, kijiji, kambi, mrina, mzinga:
Sikonge humo, Ipole humo,
wote ndani ya mti usio na kivuli.

"Hizi bahasha za njano ni za nani?"
aliuliza Nyanzala, katibu, siku ya kwanza.
"Msituni kwetu hakuna ofisi."
Nikazing'oa. Nikachora mzinga wa gome la mtundu
ndani ya mraba mdogo kuliko ukucha.
Mara ya kwanza ukatoka soseji,
mara ya nne ukatoka mzinga.
Wenye nyuki, rangi ya asali ya Juni.
Mtupu, kijivu.
Alama ya kujumlisha nayo akaikataa:
"Hesabu tulimaliza shuleni. Weka mlango."
Nikaweka mlango. Unabofya, unafunguka.

Mizinga elfu sita ukiimwaga kwa mpigo
kompyuta ya chama inagoma kama punda aliyeona mto.
Basi nimeifundisha subira:
usilete watoto wa tawi lililofungwa;
mtu akigonga ndipo uamke, uende ghalani.

Wanasema fuata nyuki ule asali.
Mimi nafuata hitilafu, nakula kiporo.

Kisha, Jumanne, Nyanzala akapiga simu.
Mayunga wa kambi ya Wala amefariki, wiki ya tatu sasa.
Alibofya jina, akabonyeza futa,
na mti ukauliza swali nililoliandika mwenyewe kwa haraka:
Una uhakika?
Alikuwa na uhakika. Alikuwepo mazikoni.
Mizinga ishirini na mitatu ikaanguka na jina.

Ndiyo sheria ya mti huu:
mzazi akikatwa, walio chini yake hawaulizwi.
Nilipoiandika ilikuwa mstari mmoja, nadhifu,
nikajisifu.

Nikarudisha nakala ya Jumapili. Nikaanza upya:
jina la marehemu lisifutwe, lififie tu,
herufi zake zilale;
mzinga ushikike kwa kipanya,
uburutwe, upite juu ya majina,
na kila jina liwake kidogo, kama anayesema karibu.
Nikaongeza visanduku vya tiki:
ukimtia alama mzazi, watoto wote hufuata.
Nikadhani nimemaliza kazi.

Kalunde, mjane, alikuja Ijumaa na basi la alfajiri,
vumbi la Sikonge bado liko kwenye ndala.
Nyanzala akamwonyesha: tiki moja tu, mama, yote inahama.
Akatikisa kichwa.
Akashika kipanya kama mtu anayeshika yai,
akaburuta mzinga mmoja hadi kwenye jina lake,
akautaja: mninga uliopigwa radi.
Wa pili: mtundu wa kisimani.
Wa tatu ukamponyoka, ukaangukia kwa jirani;
tukacheka, na hapo ndipo nilipogundua
sikuweka kitufe cha kutendua.
Akaurudisha kwa mkono.

Saa nzima.
Mimi niliyekesha kuokoa nusu ya sekunde
nilikaa kimya nikihesabu miti.

Chini ya jina lililofifia ukabaki mmoja, wa kijivu.
Nikanyoosha mkono nimsaidie.
"Huo uache," alisema.
"Nyuki hawajawahi kuuingia. Ubaki hapo hapo alipoutundika."

Usiku nikaongeza mstari ambao hakuna aliyeniomba:
dirisha likifunguliwa,
matawi yote yaanze yakiwa yamefungwa,
isipokuwa hilo.